Kengele ya Duka na Zizi la Mbuzi: Kisa cha Msimu Mmoja wa Baridi

Kisa hiki kilivyonifikia

Kisa hiki ni cha mke na mume wanaofuga mbuzi wa maziwa kwenye shamba dogo katika nchi ya theluji, na uani kwao wana duka la zawadi. Waliniita Januari, baada ya mwezi ambao mke aliueleza hivi: "Tulikimbia kutwa kucha, na kila tulipofika tulikuta tumechelewa." Nilikaa nao siku nne. Niliamka nao, nikabeba ndoo pamoja nao, na jioni tukafungua daftari la shamba na kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Wameniruhusu nikiandike. Nimeondoa majina, mahali na chochote kingeweza kuwatambulisha. Tarehe nimeziacha, kwa sababu kisa chenyewe kimejengwa juu ya tarehe.

Mume aliamini tangu mwanzo kwamba kilichowaangusha ni baridi kali ya mwaka huo. Mimi naona vingine, na sehemu kubwa ya maandishi haya ni kueleza kwa nini.

Usuli

Walikuwa na mbuzi jike 14, beberu mmoja, kuku 40 na mizinga 6 ya nyuki. Dukani huuza sabuni ya maziwa ya mbuzi, mishumaa ya nta, asali na mayai. Wanafanya kazi wawili tu, isipokuwa Jumamosi asubuhi ambapo kijana wa jirani huja kuchota samadi na kusukuma theluji. Kwa hesabu yao, zaidi ya nusu ya mapato ya duka kwa mwaka huingia Novemba na Desemba, na fedha hizo ndizo zinazonunua marobota ya nyasi ya kuwafikisha mbuzi hadi majani yatakapoota tena. Hili tusilisahau tunapofika kwenye maamuzi yao. Duka na zizi vilikuwa vinalishana.

Mpango wao wa kawaida ulikuwa mzuri. Beberu huingizwa kwa majike mwishoni mwa Oktoba. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, kwa hiyo watoto huzaliwa mwishoni mwa Machi, wakati jua limeanza kurudi na duka limetulia. Sabuni hutengenezwa kwa maziwa ya kiangazi yaliyogandishwa. Maziwa hutolewa kwenye friza yakiwa bado na chengachenga za barafu, na kostiki, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, humwagwa juu yake kidogo kidogo, maana ikimwagwa kwa mkupuo maziwa huungua na sabuni hugeuka rangi ya udongo. Baada ya kukatwa, vipande hukaa rafuni wiki 4 hadi 6 vikomae. Ndiyo maana sabuni ya mwisho ya msimu humiminwa kabla ya katikati ya Novemba.

Kwa mpango huo, Desemba ilikuwa miliki ya duka. Mbuzi walihitaji maji, nyasi, matandiko na kukamuliwa mara moja tu kwa siku. Duka lilifunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kila siku. Lakini mahali pale, Desemba, jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi jioni. Hesabu ni rahisi: kati ya saa 8 za mwanga, 6 zilikuwa za duka. Mbuzi, kuku, maji na njia ya theluji viligawana saa 2 zilizobaki na giza.

Mambo yanapokwenda sawa, ratiba ya namna hiyo huvumilika. Walikuwa wameivumilia miaka minne.

Usiku mmoja wa Julai

Usiku wa tarehe 27 Julai beberu aliruka ua. Asubuhi walimkuta amelala katikati ya majike akicheua, ametulia kama mwenyeji. Walimrudisha, wakakaza waya, wakaendelea na kazi za kiangazi. Daftarini siku hiyo pameandikwa maneno matatu: "Beberu alitoka. Tumerekebisha." Hapakuandikwa ni majike gani walikuwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, wala hapakuhesabiwa siku 150 mbele.

Mbuzi wa aina nyingi husubiri siku zianze kufupika ndipo waingie kwenye joto, na hilo ndilo lililowapa usingizi. "Ni Julai bado," mume alimwambia mkewe. Ila mbuzi wao walikuwa wa damu mchanganyiko, na zipo aina zinazoweza kushika mimba karibu mwezi wowote.

Oktoba maziwa ya majike watatu yalishuka. Wakadhani ni msimu. Novemba watatu hao walikuwa wamenenepa, lakini manyoya ya baridi yalishaota na kila mbuzi zizini alionekana mnene. Tarehe 5 Desemba, akikamua alfajiri kwa taa ya kichwani, mke aliegemeza kiganja chake upande wa kulia wa tumbo la mmoja wao, mbele kidogo ya kiwele, akahisi kitu kinampiga teke kutoka ndani. Tumbo kubwa la kucheulia liko upande wa kushoto, na teke la kulia halina maelezo mengine. Alirudi jikoni na ndoo ya maziwa mkononi, akafungua kalenda, akahesabu kurudi nyuma hadi Julai.

Tarehe ilikuwa imeangukia 24 Desemba, siku chache kabla au baada.

Siku ya Desemba ilivyokwenda

Naieleza siku moja kwa urefu kwa sababu anayelisikia neno "majira ya baridi" bila kuyafanyia kazi hupiga picha ya theluji, wakati kazi yenyewe ni maji.

Saa kumi na moja alfajiri mume huamka na kuchochea jiko la kuni. Huvaa suruali mbili, soksi mbili, buti, na glavu nyembamba ndani ya nene, maana kuna kazi ambazo glavu nene haziwezi, na chuma kilichoganda hunata kwenye ngozi yenye unyevu. Zizini hupindua ndoo za mpira na kuzikanyaga mgongoni. Barafu ya usiku hutoka nzima, mduara mnene kama jiwe la kusagia. Ndoo za plastiki ngumu hupasuka kwa mchezo huo, ndiyo sababu hawana hata moja.

Kisha maji. Mbuzi mmoja wa ukubwa wao hunywa kama lita 5 kwa siku wakati huo, mwenye mimba zaidi. Kwa mbuzi 15 hiyo ni zaidi ya lita 70, bila kuku. Yakiwa ya uvuguvugu, huinamisha vichwa na kunywa kwa mafunda marefu, mvuke ukiwapanda usoni na kuganda kwenye ndevu. Yakiwa ya barafu, hulowesha midomo tu na kuondoka. Asiyekunywa vizuri hali vizuri, na asiyekula nyasi hana moto tumboni, kwa sababu uchachukaji wa nyasi ndani ya tumbo lile kubwa ndio jiko lake. Ndiyo maana siku ya baridi kali huongezewa nyasi kabla ya kuongezewa nafaka.

Baada ya maji ni nyasi, kukamua, na kutandaza majani makavu juu ya matandiko ya jana bila kuyaondoa. Tabaka la chini huchacha na kutoa joto. Ukichimbiza mkono kwa kina cha kiganja, unakuta vuguvugu kama la kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Kuku huwashiwa taa ili siku yao ifike saa 14 za mwanga waendelee kutaga, na mayai huokotwa mara tatu kwa siku, la sivyo huganda na kupasuka ganda. Mizinga haiguswi. Mke huweka sikio ubavuni tu, akisikia mvumo wa kundi lililojikunja, anapita.

Saa nne kasoro robo mke huvua nguo zenye harufu ya zizi, huwasha hita ya duka na taa za dirishani. Saa nne kamili kengele ya mlangoni huanza kulia. Kengele hiyo ilifungwa kwa waya hadi zizini, ili mmoja akilemewa na wateja mwenzake aje. Wote wawili walinionyesha kwa fahari, kwa sababu waliitengeneza wenyewe.

Uamuzi wa tarehe 5 Desemba

Usiku wa siku ile ya teke walikaa na kuamua mambo matatu. Waliacha kuwakamua majike watatu siku hiyo hiyo, ingawa wiki zisizotimia tatu ni chache. Kwa kawaida mbuzi hupumzishwa kama siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kijitengeneze na kuandaa dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) nzuri. Waliandaa kizimba cha kuzalia. Na waliacha saa za duka kama zilivyokuwa.

Sababu ya hili la tatu ilikuwa fedha za nyasi. Marobota yaliyobaki ghalani yalitosha hadi mwisho wa Januari. Mke aliniambia: "Nikifunga duka Desemba, Februari nitauza mbuzi." Siwezi kumlaumu. Ila angalia kilichokosekana kwenye mazungumzo yao: walizungumza juu ya kufunga au kufungua, hawakuzungumza juu ya saa ngapi.

Kuna uamuzi mwingine wa wiki hiyo ninaotaka uonekane. Mteja alitaka vipande 60 vya sabuni kwa zawadi za wafanyakazi wake, na vilivyokomaa vilikuwa vimepungua. Rafuni palikuwa na sabuni ya wiki tatu hivi, imara kwa macho. Mke alikataa kuiuza. Sabuni hiyo bado ina maji mengi, huyeyuka upesi bafuni na kupungua uzito ikiwa ndani ya karatasi. Alimpa mishumaa na vipande 20 vilivyokuwa tayari, mteja akapokea.

Mpira wa maji wa tarehe 9

Uani kwao kuna bomba la kusimama linalofaa nchi za barafu. Valvu yake imezikwa chini sana, ambako udongo haugandi. Ukifunga mkono wa juu, maji yaliyobaki kwenye mlingoti hushuka na kutokea tundu dogo chini, kwenye changarawe, na bomba hubaki tupu. Lina sharti moja: mpira wa maji uondolewe kila baada ya kutumia. Ukiachwa umefungwa, hewa haiingii juu, maji hayashuki, mlingoti hubaki umejaa. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na hakuna bomba la chuma linaloshindana na hilo.

Tarehe 9 alasiri mume alikuwa akijaza pipa la mbuzi. Kengele ikalia mara mbili, ishara ya "njoo". Alifunga mkono wa bomba, akaacha mpira palepale, akaenda kufunga vifurushi. Wateja walipokwisha ilikuwa giza, na kwenye giza hakuuona. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Asubuhi mkono wa bomba haukuinuka, na mlingoti ulikuwa na ufa mrefu kama shibiri. Kuchimba udongo ulioganda kusingewezekana kabla ya majira ya kuchipua.

Tangu siku hiyo maji yote yalitoka kwenye bomba la jikoni, ndoo mbili mbili, hatua mia moja na zaidi juu ya barafu. Mume aliandika daftarini kiasi alichobeba, na hapo ndipo nilipoona: kutoka lita 70 na zaidi kwa siku walishuka hadi 45. Hakuna aliyeamua kuwapunguzia mbuzi maji. Saa ndizo zilizopungua.

Tarehe 16 jike mmoja kati ya wale watatu alikataa nafaka, kisha nyasi. Alisimama pembeni, kichwa chini, na pumzi yake ilinuka utamu mzito wa matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hiyo ndiyo ketosisi ya mimba. Wiki sita za mwisho watoto hukua kwa kasi na kulibana tumbo la kucheulia. Mama asipopata chakula chenye nguvu cha kutosha huyeyusha mafuta ya mwili wake kwa haraka mno, na damu yake huchafuka. Mwenye mapacha ndiye aliye hatarini zaidi. Kinga yake ni nafaka inayoongezwa polepole wiki hizo, na hawa hawakuiongeza kwa wakati kwa sababu hawakujua ana mimba. Daktari wa mifugo alifika jioni hiyo, akawaachia propilini glaikoli, dawa ya maji ya kumpa mwili nguvu, ya kumnywesha mara mbili kwa siku na kuwaagiza wampe nyasi bora kabisa, maji ya vuguvugu yenye molasi, na wamtembeze. Siku ya tatu alianza kula.

Jumamosi kabla ya sikukuu

Tarehe 22 ilikuwa Jumamosi, siku yenye wateja wengi kuliko zote za mwaka. Saa nane na nusu mchana mume alimwona jike yule aliyekuwa mgonjwa akiparura matandiko na kugeuka kutazama ubavu wake. Alijua maana yake. Kengele ikalia mara mbili. Alimwambia kijana wa jirani, ambaye siku hiyo aliombwa abaki hadi jioni, amtazame, na yeye akaenda dukani "kwa dakika kumi". Kijana naye aliitwa kusukuma gari la mteja lililokwama kwenye theluji.

Mume alirudi saa kumi na robo. Mtoto wa kwanza alikuwa amelambwa, amesimama, ananyonya. Wa pili alikuwa amelala ukutani, bado ana ute, manyoya yameanza kushikana kwa barafu kwenye ncha za masikio. Mama alishindwa kuwahudumia wawili, nguvu zilimwishia kwa wa kwanza.

Walimpima: nyuzi 34. Mtoto wa mbuzi mwenye afya huwa kati ya 38.5 na 39.5 hivi. Mke alimfunga kwa taulo karibu na jiko na, akiwa amekamua dang'a kwa mkono wake, akamtia chuchu ya chupa mdomoni. Mdomo ulikuwa wa baridi na haukunyonya. Akakamua chupa kidogo ili apate hata matone. Mtoto akakohoa. Walikesha naye. Saa saba usiku akafa mapajani kwa mke.

Nilipofika Januari bado alikuwa anairudia ile chupa. Nilimwambia nilichoamini na ninachoamini sasa: mkono wake ulifanya kile ambacho kila mama angefanya, na mtu aliyesimama dukani saa sita bila kula hafikirii kwa utulivu. Lakini kwa sababu kisa ni cha kufundishia, utaratibu lazima uandikwe. Pima joto kwanza. Tia kidole mdomoni: kikiwa baridi na hakinyonywi, usimpe chupa, kwa sababu asiyeweza kumeza huvuta maziwa mapafuni, na tumbo lililopoa halisagi. Mkaushe kwa kumsugua. Mpashe joto, ama ndani ya boksi lenye chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, ama kwa kumtumbukiza hadi shingoni kwenye maji ya vuguvugu akiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili asiloe na asipoteze harufu ambayo mama yake anamjulia. Akivuka nyuzi 37 na ana saa chache tu tangu kuzaliwa, ndipo apewe dang'a, na kama bado hanyonyi apewe kwa mpira laini unaofika tumboni. Ikiwa zimeshapita kama saa 5 na hajanyonya kitu, sukari ya damu imekwisha, na ni bora daktari aongoze kabla ya kumpasha. Mtoto wa kilo 3 anahitaji kama mililita 300 za dang'a katika saa 24 za kwanza, na sehemu kubwa iingie ndani ya saa 6, wakati utumbo bado unapitisha kinga za mama.

Tangazo mlangoni

Usiku uleule mke alichukua kifuniko cha boksi na kalamu ya wino mzito akaandika: "Kuanzia kesho tunafungua saa tano asubuhi hadi saa nane mchana. Mbuzi wanazaa. Ukihitaji kitu, piga simu, tutakuwekea kibarazani." Mume alikata waya wa kengele unaokwenda zizini. Mke aliniambia hawakusemezana wakati wa kufanya hayo.

Hawakufanya hivyo kwa hesabu, na sitajifanya kwamba walifanya. Walikuwa wamevunjika moyo. Lakini saa walizochagua zilikuwa sahihi. Asubuhi ilibaki na saa tatu za mwanga na alasiri saa mbili, na mtu mmoja hakuwa tena wa kuitwa.

Mume pia alitaka kutundika balbu ya joto kizimbani. Mke alikataa, akitaja nyasi kavu, vumbi na mbuzi wanaotafuna waya. Balbu hizo huchoma mazizi kila msimu wa baridi. Badala yake alikata mikono ya sweta kuukuu, akatoboa matundu ya miguu, na kila mtoto akavishwa.

Tarehe 24 jike wa pili alizaa mmoja, mume akiwa kizimbani na taulo. Tarehe 27 wa tatu alizaa mapacha usiku. Wote walipata dang'a ndani ya nusu saa.

Kisha wakafanya kosa ambalo huzaliwa na huruma. Kwa kuogopa baridi, waliziba kwa magunia nafasi zote za hewa chini ya paa. Nilipoingia Januari, maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Nilipiga magoti hadi kimo cha mtoto wa mbuzi, na kwa pumzi tatu macho yakaanza kuwasha kwa amonia, gesi kali itokayo kwenye mkojo na samadi. Mtu aliyesimama wima hakuisikia. Watoto wawili walikuwa wanakohoa. Tulifungua nafasi za juu pande zote mbili na kuacha kuta za chini zimezibwa, hewa chafu ipande na kutoka bila upepo kuwapiga watoto. Kufikia siku ya pili mabati yalikuwa makavu.

Matokeo

Watoto wanne kati ya watano waliishi. Wawili waliokohoa walitibiwa na daktari wakapona. Jike aliyeugua alipona lakini maziwa yake yalibaki haba mwaka mzima, na wameamua kutompandisha tena.

Kwa upande wa duka, daftari linaonyesha kwamba mauzo ya siku zile za saa tatu hayakuwa mbali sana na ya siku kama hizo mwaka uliotangulia. Wateja wengi walibadilisha saa zao, na maagizo ya simu yalijaza kibaraza. Si wote. Mzee mmoja alikuja kutoka mbali akakuta mlango umefungwa, akaondoka kwa hasira, na hajarudi. Marobota ya nyasi yalinunuliwa, ingawa awamu ya pili ilibidi wanunue kwa mkopo.

Uchambuzi

Turudi kwenye dai la mume, kwamba baridi ndiyo iliyowaangusha. Nyuzi 21 chini ya sifuri zilipasua bomba, ni kweli. Lakini baridi hiyo ingekuta mlingoti mtupu kama mpira ungeondolewa, na mpira haukuondolewa kwa sababu ya kengele. Mtoto aliachwa ukutani kwa sababu ya kengele. Waya ule ulitengenezwa ili mmoja amsaidie mwenzake, na ulifanya kazi kwa upande mmoja tu: duka liliweza kuliita zizi, zizi halikuweza kuliita duka. Mbuzi anayetaka kuzaa hana kengele ya kubonyeza. Mteja anayesubiri ana sauti na ana uso, na mtu mwenye adabu humkimbilia anayemtazama usoni.

Ndiyo maana sioni uzembe katika kisa hiki. Naona ratiba iliyojengwa kwa mwaka ambao mbuzi hawahitaji kitu Desemba, ikatumika bila kubadilishwa kwenye mwaka ambao walihitaji kila kitu. Walipogundua mimba tarehe 5 walikuwa na siku 19. Zilitosha kupunguza saa za duka mapema, kuwatangazia wateja kwa heshima, na kumwokoa yule mzee safari yake. Tangazo lililoandikwa tarehe 22 kwa uchungu lingeweza kuandikwa tarehe 6 kwa utulivu, na maneno yangekuwa yaleyale.

Nyuma zaidi ni Julai. Kama tarehe 27 wangehesabu siku 150 na kuiona sikukuu, zilikuwepo njia mbili. Daktari angeweza kuzisitisha mimba mapema kwa sindano, jambo linalofanyika kwa usalama kwa mbuzi. Au wangesubiri kama miezi miwili, majike wapimwe kwa ultrasaundi, na wenye mimba watengwe, waachwe kukamuliwa kwa wakati na kuongezewa nafaka. Ketosisi ya tarehe 16 ilianzia kwenye maneno matatu ya daftari.

Na bado daftari hilohilo ndilo nililolisifu zaidi. Bila namba za ndoo, tusingejua kwamba maji yalishuka kwa zaidi ya theluthi moja wiki ileile jike alipoacha kula. Pengine angeugua hata hivyo, alikuwa na mapacha na hakuongezewa nafaka kwa wakati. Lakini kumnyima maji mwenye mimba wiki ya mwisho ni kumsukuma, na namba hizo zilikuwa zinasema hivyo kila siku bila mtu wa kuzisoma. Walikuwa wanaandika usiku, wamechoka, na kufunga daftari.

Kuhusu sabuni na balbu, mke aliamua vizuri mara mbili chini ya shinikizo, na nilimuuliza kwa nini pale aliweza na tarehe 5 hakuweza. Alifikiri, akasema ya sabuni na moto alikuwa ameshayaamua zamani, alikuwa anayakumbuka tu. Jibu hilo limenikaa. Msimu ule alishika vizuri kila kilichoamuliwa kabla ya baridi kuanza.

Walichobadilisha

Beberu sasa ana kizimba chenye ua wa juu na mlango wa komeo mbili. Akitoka, hata kwa saa moja, siku 150 huhesabiwa palepale na kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Dawa, kipima joto na mpira wa kulishia viko kwenye boksi moja ukutani, na utaratibu wa mtoto aliyepoa umebandikwa kwenye kifuniko chake kwa maandishi makubwa, usomeke na mtu anayetetemeka. Majira ya baridi duka hufunguliwa saa tano hadi saa nane, na wateja huambiwa tangu Oktoba.

Bomba lilibadilishwa theluji ilipoyeyuka. Kando yake mume alipigilia msumari mmoja mrefu, na ufunguo wa duka unaning'inia hapo. Mpira wa maji ukikunjwa hutundikwa kwenye msumari huohuo. Kila asubuhi mke hupita pale kuuchukua ufunguo, na mpira usipokuwepo msumarini huufungua kwanza kutoka bombani, huukung'uta maji, huutundika, ndipo huenda kufungua mlango.